Barua ya Kazi ya Rael, na Nyingine Nilizofundisha

Tangu nistaafu mwezi wa nne, bado naamka saa kumi na moja na nusu, navaa viatu vya kazi, halafu nakumbuka. Mume wangu, Ondieki, huniangalia kutoka kwa kiti chake na haniulizi kitu. Basi navua viatu, navaa gambuti na kuingia kwenye chai yetu ndogo nyuma ya nyumba. Kazi iko, na mikono bado ina nguvu. Lakini ikifika saa mbili, wakati kengele ya chuo inapolia, huwa nasimama katikati ya mistari ya chai na kikapu mgongoni, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Ndiyo sababu nawaandikia, nyinyi watatu mliobaki kufundisha Kiingereza cha kazi kwenye chuo chetu cha ufundi karibu na Chepilat. Ya vyeo nitayaacha. Nilipandishwa mara moja tu, na kilichobadilika ni mlango wa ofisi. Ninayotaka kuwaachia ni mambo ya darasani, hasa barua, kwa sababu miaka yangu mingi imeishia kwenye karatasi moja ya kuomba kazi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya chai, upande wa Kericho. Wazazi wangu walitoka Nyamira kuja kuchuma, na mimi nikakua nikisikia Kipsigis kwa majirani, Kikisii nyumbani na Kiingereza kwa redio. Nilipofika chuoni kufundisha nilikuwa na miaka ishirini na minne na sketi iliyopigwa pasi mara mbili. Darasa langu la kwanza lilikuwa la maseremala, waashi, mafundi cherehani na makanika, watu ishirini na sita, wengi wakubwa kwa mwili kuliko mimi. Nikaandika ubaoni aina za maneno, nikaanza na nomino. Baada ya nusu saa, jamaa mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nywele akainua mkono.

"Madam, hii itatusaidia kupata kazi?"

Nikasema tutafika huko, nikarudi kwenye nomino zangu, na sauti yangu ikawa ndogo mpaka mwisho wa kipindi.

Ukuta wa darasa lile ulikuwa wa mbao, na upande wa pili alikuwa Mwalimu Sigei, mzee wa mashine za taipu. Kabla ya ualimu alikuwa karani wa ofisi katika shamba kubwa la chai, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufungua barua za watu wanaotafuta kazi. Wakati wa chai ya saa nne aliniita.

"Nimesikia hilo swali," akasema. "Wafundishe barua moja, ya kuomba kazi. Nomino zako zote utazikuta humo ndani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Sigei alinifundisha kwanza jinsi barua inavyosomwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akisoma. Karani ana rundo mbele yake, aliniambia, na anasoma mistari mitatu. Mstari wa nne anausoma akipenda. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme unaomba kazi gani na notisi uliiona wapi. Unaofuata useme unaweza kufanya nini kwa mikono yako. Kisha sema lini unaweza kuja. Hakutaka kabisa yale maneno ya "I humbly beg", ambayo wanafunzi wetu waliyapenda sana, kana kwamba bila kupiga magoti kwenye karatasi hakuna atakayewasikia.

"Anayeomba kazi si mgonjwa," alikuwa akisema. "Ana kitu cha kuuza."

Pia alininyang'anya kalamu nyekundu. Mtu mzima, alisema, ukimrudishia karatasi yenye damu hataandika tena. Tumia penseli, tena ndogo, ili ukikosea wewe uweze kufuta.

Kuna siku moja ambayo bado inanichoma. Seremala mmoja aliandika kazi yake vile anavyoitamka, "garbender" badala ya "carpenter", na mimi nikacheka. Sikucheka kwa sauti, ila darasa liliona. Sigei alikuwa amesimama mlangoni akiomba chaki. Akaniambia kwa upole, mbele ya wote, "Madam Kemunto, hebu tusomee hili," akaandika ubaoni "really". Nikasoma. Ulimi wangu wa Kikisii ukatoa "rearry", kama ulivyokuwa umetoa tangu utoto. Darasa likaanguka kwa kicheko, na yule seremala akacheka kuliko wote. Kuanzia siku hiyo kila kipindi kilianza hivi: wao wananisahihisha maneno matano, nami nawasahihisha matano. Wakipsigis na p na b zao, mimi na l na r zangu. Hakuna aliyeogopa tena kuandika neno vibaya.

Sasa nifike kwa Wesley, ingawa ningependa kumruka.

Wesley Kiprono alisomea umakanika. Alikuwa na uwezo wa kusikiliza pikap ikipanda kilima na kukuambia ugonjwa wake kabla haijafika getini. Mwaka wake wa mwisho, kiwanda kimoja cha chai kilibandika notisi ya kutafuta fundi wa magari, nayo ikatufikia Alhamisi huku siku ya mwisho ikiwa Ijumaa saa sita. Wesley aliniletea barua yake jioni ileile. Ilikuwa na mistari minne. Uliokuwa katikati ulisema, "I know engines. I can repair your lorries."

Niliiona nyepesi. Niliona aibu kwa niaba yake, na pengine kwa niaba yangu, kwamba mwanafunzi wangu apeleke kitu kifupi namna hiyo. Nikaketi nikaandika mwenyewe barua ya ukurasa mzima, yenye maneno niliyoyapenda, likiwemo "meticulous", yaani mtu anayeangalia kila kitu kwa makini hata kiwe kidogo namna gani. Wesley akainakili kwa mwandiko wake mzuri, tukaipeleka.

Aliitwa kwa intavyu baada ya wiki mbili. Alikopa koti kwa binamu yake. Jioni ile nilikuwa nafunga madirisha nilipomwona akiingia kwa miguu, koti likiwa mkononi.

"Walisifu barua, Madam," akasema. "Walikuwa watatu. Mmoja akasema, tuambie wewe ni meticulous namna gani. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikanyamaza."

"Injini je? Hawakukuuliza injini?"

"Hawakuuliza hata moja." Akakaa kwenye dawati la mbele. "Sijakasirika, Madam. Lakini ile barua ilikuwa ya mtu mwingine. Walikuwa wanamngoja huyo mtu, halafu nikaingia mimi."

Nilimwomba tuandike nyingine, akaitikia kwa adabu, kama tunavyoitikia mtu mkubwa ambaye hatutaki kumkatalia. Hakurudi. Nilisikia amekwenda Siongiroi kwa mjomba wake, kwenye biashara ya ng'ombe. Miaka iliyofuata nilipita Siongiroi siku za soko mara kadhaa, nikijifanya natafuta mbuzi, na mara moja nikarudi na mbuzi kweli kwa sababu muuzaji alinishinda maneno. Wesley sikumwona. Dada yake, niliyekutana naye kwenye mazishi fulani, aliniambia yuko sawa. Ana mifugo, ana watoto watatu, na mambo ya karatasi hayapendi. Nafurahi kwamba yuko sawa. Hata hivyo, pikap yoyote ikipanda kilima ikikohoa, namkumbuka yeye.

Nilipomweleza Sigei habari hiyo hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja, "Ile yake ya mistari minne iko wapi?" Nilikuwa nimeitupa.

Sigei alistaafu, akarudi kwao upande wa Kabianga, na mwaka wa pili akafariki. Nilikuwa nimepanga kumtembelea wiki mbili kabla. Nikaahirisha kwa sababu ya mitihani ya kusahihisha. Mitihani yenyewe siikumbuki, hata ilikuwa ya darasa gani. Mzee ninamkumbuka alivyokuwa akipuliza vumbi kwenye mashine kila asubuhi kabla ya kumsalimia mtu. Mengi niliyowafundisha nyinyi mkadhani ni yangu yalikuwa yake.

Baadaye mashine za kuchuma chai zikaingia mashambani, na wachumaji wengi wakaambiwa warudi nyumbani. Chuo kikafungua darasa la watu wazima, Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri. Humo ndimo nilimokutana na Rael Chelangat. Alikuwa amechuma chai miaka kumi na sita, na shule aliiachia darasa la saba. Alikaa nyuma kabisa, gambuti zake zikiwa ndani ya mfuko wa karatasi chini ya kiti, na kwa wiki mbili hakusema neno.

Siku moja alibaki wenzake walipotoka. Alikuwa na notisi mkononi, ameibandua ubaoni sokoni, jambo ambalo nilijifanya sikuliona. Shule ya wasichana, upande wa kwenda Bomet, ilitaka matroni wa bweni. Barua iandikwe kwa Kiingereza, kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Zilibaki wiki tano kabla ya siku ya mwisho.

"Niandikie, Madam," akasema. "Mimi nitaandika tena kwa mkono wangu."

"Siwezi, Rael. Tutaandika pamoja, lakini maneno yawe yako."

"Wewe uko na Kizungu mingi. Mimi naomba kidogo tu. Unaninyima?"

Nikamweleza habari ya Wesley bila kutaja jina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo alikuwa amesoma. Mimi sina hata hiyo elimu ya kuharibu." Akachukua gambuti zake akatoka. Nilidhani nimempoteza, lakini Alhamisi alikuja, na safari hii akakaa mbele.

Tulianza kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini anafikiri anaweza kulinda wasichana mia mbili. Akasema hajui. Nikamuuliza kuna siku gani kambini alimsaidia msichana. Akafikiri, akaanza polepole.

"Kulikuwa na Mercy, kibarua mpya. Siku moja akakaa chini katikati ya chai. Supavaiza akasema ni mvivu, aandikwe hayuko kazini. Mimi nikaenda nikamshika kichwa. Kilikuwa moto. Nikaacha kikapu hapo, nikambeba mgongoni mpaka dispensari."

"Supavaiza akasema nini?"

"Akaniandika mimi pia." Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nikamwambia barua yake ndiyo hiyo. Hakuniamini. Ilituchukua wiki tatu kuivusha kwenda Kiingereza, sentensi moja moja, yeye akitafuta neno, mimi nikikaa na penseli yangu bila kuitumia. Mnaofundisha mnajua kazi hiyo ya kukaa ilivyo ngumu. Neno liko kwenye ulimi wako, na mtu mzima mbele yako anatoka jasho akilitafuta. Siku aliyopata "carried" aliliandika mara nne kwenye ukingo wa daftari. Mwishowe barua ilikuwa na mistari kumi, na katikati ilisema hivi: "One girl was sick. They said she is lazy. I touched her head. I carried her to the dispensary."

Nilitaka sana kubadilisha "I touched her head". Nilikuwa na namna nzuri zaidi ya kusema kwamba aligundua ana homa. Nikaishika penseli, nikaiweka chini.

Rael aliitwa. Aliporudi alinikuta ofisini, akanieleza akiwa amesimama. Mwalimu mkuu alikuwa ameisoma barua kwa sauti, akafika hapo, akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini alimshika yule msichana kichwa.

"Ukajibu nini?"

"Nikasema, because nobody touched."

Kisha akasema, "Wamenipenda, Madam. Lakini wanataka cheti cha form four. Wamechukua mwingine."

Alisema hivyo kama mtu anayeripoti mvua imenyesha, akaniaga, akaenda. Jumanne iliyofuata hakuja darasani, wala Alhamisi. Nikaambiwa amekwenda Chepalungu kwa mama yake. Mwezi ukaisha, muhula ukaisha. Nilikuwa nikiingia darasa lile naangalia kwanza kiti chake, na mwanamke mwingine alipokikalia nilitaka kumwambia ahame, ingawa hakuwa na kosa lolote. Usiku wa mawazo niliuacha kwa wengine. Mimi niliwaza mchana, ubaoni, chaki mkononi. Niliona nimewavunja watu wawili kwa njia mbili tofauti, mmoja kwa kumwandikia na mwingine kwa kukataa.

Miezi minane baadaye, Jumamosi, nilikuwa dukani Chepilat nanunua unga. Mtu akanigusa bega. Alikuwa Rael, amevaa sketi ya buluu iliyokolea na sweta yenye nembo ya shule kifuani, funguo zikining'inia kiunoni.

"Chamgei, Madam," akanisalimia.

Nilimshika mikono yote miwili na unga ukabaki kwenye kaunta. Alikuwa matroni katika shule ndogo ya bweni, ya kanisa, huko Chepalungu. Hawakuuliza cheti. Waliuliza barua.

"Nani alikuandikia?" nikauliza, halafu nikatamani ningemeza swali hilo.

"Niliandika mimi. Usiku wa Jumapili, kwa meza ya mama."

"Mbona hukuniletea niisome?"

Rael alicheka kidogo, kwa heshima. "Ningekuletea, ungeirekebisha."

Nikamuuliza kama ana nakala. Hakuwa nayo. Iko kwenye faili la shule, akasema, na faili liko kabatini kwa mwalimu mkuu. Tuliongea mpaka gari lake likaja, akaenda kwa wasichana wake. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, na ndani yake kulikuwa na kitu kingine kinachouma. Nimesoma barua nyingi sana maishani, nyingine mara kumi. Hiyo moja sijawahi kuiona. Hata leo, nikiwa kwenye chai, najaribu kukisia alianza na neno gani.

Miaka yangu ya mwisho mnaijua, tulikuwa pamoja. Vijana walianza kuja na barua zilizoandikwa na simu, safi kabisa, bila kosa hata moja, na zote zikifanana kama sare. Faith wa ushonaji aliniletea moja iliyosema ana uzoefu wa miaka mitano kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Msigombane na simu, haitawasikia. Fanyeni kama nilivyofanya na Faith: mwambieni aizime, akae, awaeleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama nguo ya kwanza aliyoshona, na ilimkaa nani. Ya Faith ilimkaa nyanya yake, ikambana mkono wa kushoto. Tulipoiandika hiyo, na jinsi alivyoifumua na kuirudia, simu haikuwa na la kuongeza.

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, na hotuba zilikuwa ndefu kuliko mvua ya siku hiyo. Nawashukuru. Mlipokwenda kula, mimi nilipita darasani peke yangu. Mtu alikuwa ameacha ubaoni tarehe na "Dear Sir or Madam," kisha koma, na chini yake hakuna kitu. Nilikaa dawati la nyuma nikaiangalia ile nafasi tupu mpaka mkaja kunitafuta.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote chuoni. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuandika barua ya kuomba kazi. Wakati wetu ukimaliza chuo cha ualimu ulipangiwa mahali, ukaenda. Mwezi uliopita kanisa letu lilitangaza kwamba litafungua darasa la vijana wasio na kazi, na kila anayetaka kujitolea kufundisha apeleke barua kwa kamati, kwa Kiingereza, hata awe nani. Pasta mwenyewe ni kijana niliyemfundisha. Aliponiambia hata mimi niandike, nilicheka, kisha nikaenda nyumbani nikakaa mezani.

Ilinichukua siku nne. Anwani na tarehe havikunisumbua. Kazi ilikuwa kusema ninachotaka. Niliandika kwamba nina uzoefu mwingi, nikafuta. Nikaandika kwamba ningependa kuisaidia jamii, nikafuta, maana kila mtu husema hivyo. Ondieki alipita nyuma yangu mara mbili akijifanya anatafuta miwani. Siku ya nne niliandika nilichokuwa nacho, kwamba nawakosa watu wazima wanaotafuta neno, na kwamba nataka kukaa tena mbele yao wakilitafuta. Nikatia sahihi, nikaipeleka kwa miguu.

Kila mwanafunzi wangu aliyewahi kupeleka barua nilimwambia maneno yaleyale: ukishaipeleka, rudi shambani, isahau. Leo ni siku ya tisa. Nimechuma mistari miwili tu tangu asubuhi, na nimerudi nyumbani mara tatu kuangalia simu. Wote walinisikiliza wakaitikia ndiyo, Madam, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba haiwezekani.